Utani wa Daktari Diarra

Dada yangu Sitan Traoré alisaga karanga sokoni Kita kwa miaka ishirini na sita, na ulimi wake ulikuwa mkali. Aliyemweza kwa maneno ni mmoja tu, Diarra, daktari wa zahanati ya mtaani kwetu. Ukoo wa Diarra na ukoo wetu wa Traoré ni watani. Mtani akikutukana, unacheka. Ukinuna, aibu ni yako.

Tumbo lilipoanza kumvimba, nilimsindikiza kwake.

"Karibu, mtumwa wangu," Diarra akasema. "Umekula maharage ya nani tena?"

"Ya kwako. Mkeo alikuwa kayaficha uvunguni."

"Ndiyo hayo yamekuvimbia. Nenda kajambe, utapona."

Benchi zima likacheka. Dada naye akacheka, huku kajishika chini ya kitovu. "Mtani, mwenzio naumwa kweli. Huku chini."

"Traoré naye ana kweli?"

Akampa vidonge vya gesi. Hakumgusa.

Baada ya miezi miwili tukarudi, dada kakonda mikono na tumbo limetangulia. Sasa Diarra akapima damu, na kile kipimo cha saratani ya ini kikawa juu mno. Kita tumezika wengi wenye matumbo ya namna ile, kwa hiyo hakutafuta zaidi. "Ni ini," akaniambia pembeni. "Usimhangaishe na visu. Mpikie anachopenda."

Habari ilitutangulia sokoni. Walisema ni karanga zake zenye ukungu zilizomwozesha ini, na siku ya tatu hakuna aliyenunua hata kijiko. Wanawake aliowabebea watoto wao mgongoni walipita upande wa pili. Siwasamehe.

Nikampakia kwenye basi la Bamako. Daktari wa kule, mama mmoja asiye na maneno mengi, alipitisha kile kifaa cha picha tumboni, akarudia tena.

"Ini lake ni safi," akasema. "Uvimbe uko kwenye ovari."

Walikata kinyama wakakipeleka maabara. Majibu yalipotoka alitueleza kwamba ni saratani adimu: inaanzia kwenye ovari, lakini ukiitazama kwenye darubini ni kama ya ini, na hata damu inasema ini.

"Damu ingemdanganya yeyote," akasema. "Lakini daktari wenu angembonyeza hapa chini, angeukuta. Alianza lini kulalamika?"

"Miezi mitatu sasa."

"Wakati ule ningeutoa. Sasa umesambaa."

Dada alisikia yote. Aliomba maji, akanywa, akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Tulimzika wiki ya tano baada ya kurudi Kita. Diarra alikuja, maana msiba hauendi bila mtani. Akalala juu ya jeneza, akadai hazikwi mtu mpaka alipwe fidia ya mtumwa wake. Watu wakacheka huku wanalia.

Nikamwendea. "Ini lake lilikuwa safi. Wewe ndiye uliyemuua."

Kicheko kikazidi. Nikamwekea karatasi ya majibu ya Bamako mkononi. Akaisoma mpaka mwisho, na nikaona midomo yake ikikauka. Kisha akaikunja, akawageukia watu.

"Hawa akina Traoré," akasema, "hata karatasi zao zina uongo."

Watu wakashika mbavu. Shangazi akanifinya, nami nikacheka.