Pikipiki Iliyoikimbizia Harusi Ziwani

Maisha yangu yote ya ualimu nimewahubiria wanafunzi wa Fizi kwamba mtu mwenye akili hakimbii kitu asichokiona, na kwa hiyo nakiri, nikiwa nimeinamisha uso, kwamba aliyewakimbiza watu wa Baraka, mji wa huko chini ufukweni, hadi ndani ya maji ya ziwa, wengine wakiwa na sahani mkononi, hakuwa jeshi wala mlevi wa sokoni, bali mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa tai.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya nchi yetu, nami nilikuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari huko juu, Fizi-Centre. Riziki, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa ameposwa na Asukulu, muuguzi wa Baraka, kijana mpole ambaye sikumwona kosa lolote (na nilitafuta). Harusi ilikwisha kupangwa mara mbili, na mara zote mbili ikavunjwa na vita: kwanza sisi wa mlimani tulikimbilia upande wa Kilembwe, halafu wao wa pwani wakavuka ziwa. Ndipo mama wa kijana, Mama Wilondja, mwanamke ambaye neno lake likitoka halirudi, akatangaza mbele ya pande zote: "Hii ya sasa ikivunjika, tunaacha. Mungu alishajibu, ni sisi tunajifanya bakiziwi." Tangu siku hiyo Riziki alikuwa akila kama ndege.

Siku ilipofika, ndugu zetu na waimbaji walikuwa wamekwisha teremka kwa miguu, na lori lililoahidiwa kumchukua bibi harusi halikuja. Tukabaki yeye na gauni lake jeupe, sanduku lake, mimi, na pikipiki yangu.

Pikipiki ile ilikuwa na ugonjwa mmoja: haikuwa na ralanti, yaani ule mwendo mdogo ambao injini hujipumulia yenyewe mkono ukipumzika. Ukiachia gazi, ule mpini wa kuongeza mafuta, inakufa, na ikifa haiwaki mpaka isukumwe. Sasa, kila mtu wa kwetu anajua desturi ya barieri, kile kizuizi cha askari barabarani: unapunguza mwendo ukiwa mbali, unashuka, unasukuma polepole huku umeinamisha kichwa, ndipo unaruhusiwa kwenda zako. Nikamwona Riziki, kwa macho ya moyo, akisukuma pikipiki na lile gauni, tope magotini. Fundi wetu alikuwa amekimbilia Tanzania. Nikachukua bisibisi (uamuzi mdogo tu, haukuzidi urefu wa kidole).

Kabureta ina skrubu mbili. Ile kubwa yenye springi huinua ralanti. Niliikaza kidogo, injini ikatulia, ikapumua kama mtoto aliyeshiba. Mtu mwenye hekima angeishia hapo, na leo ningekuwa nawasimulieni habari nyingine. Lakini nikajiuliza, kwa kiburi cha mtu aliyesoma vitabu vingi na hajachafua mikono, aliyeitengeneza angeweka skrubu ya pili ya nini kama si kufunguliwa? Nikaifungua ile ndogo ya shaba, inayopima hewa, nikaifungua kwa ukarimu. Kisha nikafunga sanduku la Riziki juu ya tanki, na kamba nikaipitisha (Mungu anisamehe) juu ya kebo ya gazi.

Tulipoanza kuteremka nilirudisha mkono, na injini iliyokuwa imejaa hewa na kukosa mafuta ikaanza kukohoa kwa nyuma. Pa. Pa-pa. Kimya kidogo, kisha pa-pa-pa-pa.

"Baba mudogo," Riziki akasema mgongoni kwangu, "unapiga nani?"

"Nyamaza, binti. Ni hewa."

"Hewa gani iko na bunduki?"

Nikataka kusimama nirekebishe, na hapo ndipo nikagundua kwamba kamba ilikuwa imeikaza kebo, hivyo gazi halirudi. Nikibana klachi injini inapiga yowe, nikiiachia tunaruka mbele, na swichi ya kuzimia ilikwisha kufa zamani, na breki, maskini, ilikuwa na kazi ya mlima mzima. Kwa hiyo kila nilivyojitahidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kelele, hali ambayo nimeiona pia kwa viongozi, lakini hayo tuyaache.

Barieri ikatokea. Nilijiandaa kufa. Lakini kamba yao ilikuwa imelala chini, sufuria yao ilikuwa ikichemka juu ya mafiga, na majani ya muhogo pembeni yalikuwa yakitikisika bila upepo. Wale waliotuamuru miaka yote tushuke na kuinamisha vichwa walikuwa wamemkimbia mwalimu na bibi harusi. Riziki alianza kucheka, na ninawaapia kwamba nami nilicheka, meno yakiniuma kwa woga, tukaingia Baraka tukicheka kama vichaa huku nyuma yetu ikilia pa-pa-pa.

Watu wa Baraka wa miaka ile hawakuuliza maswali. Sikio lilisema sauti imetoka mlimani, basi mguu ulijua ni ziwani. Niliwaona wakitoka kila mlango, akina mama na mabeseni kichwani, waimbaji na ngoma yao, mzee mmoja na mlango wake, mlango mzima, ameung'oa. Nikainua mkono nikapiga kelele: "Simameni, ni mimi!"

"Na wewe kimbia, Prefe!" mmoja akanijibu bila kugeuka.

Pikipiki ilikwama kwenye mchanga wa ufukwe, ikafa, ikanitupa juu ya ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, nikainuka na magamba hadi masharubuni. Harusi yote ilikuwa majini. Pasta na joho lake kwenye mtumbwi mmoja, waimbaji kwenye mwingine, na katika wa tatu Mama Wilondja na sufuria ya wali mapajani, na kando yake Asukulu, amevaa suti, mama yake amemshika koti kwa mkono wote.

Kicheko cha Riziki kikakatika. "Hata Asukulu," alisema polepole, naye hakuwa akisema nami.

"Ni piki!" nikawaita. "Ni piki tu!"

"Piki hailiake vile!" Mama Wilondja akajibu kutoka majini. "Nilisema. Hii ndoa Mungu haitaki."

Ningemwacha binti azungumze. Lakini mimi ni mwalimu, naamini katika ushahidi. Nikasema: "Nitawaonyesha." Na ile pikipiki, ambayo mwaka mzima haikuwahi kuwaka bila kusukumwa, iliwaka kwa teke moja. Pa-pa-pa-pa. Makasia yote yakaingia majini kwa pamoja, na harusi ikasogea kuelekea Tanzania.

Riziki alinisogeza kando, akang'oa waya wa kwanza aliouona, na injini ikanyamaza. Akavua viatu akanikabidhi. Akaingia ziwani na gauni lake hadi kiunoni, akasimama.

"Asukulu," akaita, "unaoa ama unavua?"

Maji hubeba sauti. Mtumbwi wa kwanza ulicheka, wa pili ukapokea, na wakati Mama Wilondja akigeuka kuona nani anacheka, mwanawe alijitupa majini, akamwachia koti mkononi. Aliogelea na tai shingoni. Alipomfikia alimshika mkono, na mitumbwi ikaanza kurudi mmojammoja.

Mama Wilondja alishuka na sufuria yake. Alimtazama bibi harusi aliyelowa, akanitazama mimi na magamba yangu, na watu wote wakangoja neno lisilorudi. Ndipo akatokea askari mmoja wa barieri, anahema, bunduki ameibeba begani kama jembe.

"Baadui wamepita wapi?" akauliza.

Ufukwe mzima ulinyoosha vidole kwangu. Askari alinitazama, kisha akakaa chini mchangani.

"Na wewe ulikimbia?" Mama Wilondja akamuuliza.

"Hapana, mama. Nilirudi nyuma kidogo."

Yule mama alitikisa kichwa, akaweka sufuria chini. "Kama hata hawa ba barieri wameikimbia hii harusi," alisema, "nani tena ataizuia? Pasta, fungua kitabu mbele ya wenzake kufika."

Wakafungishwa ndoa palepale, gauni likidondosha maji. Baadaye nikaitwa kutoa nasaha. Nilikuwa nimeandaa, mwezi mzima, hotuba juu ya utulivu wa moyo. Nilisimama, nikasafisha koo, na kutoka nyuma ya waimbaji mtu mmoja akasema taratibu: "Pa." Ni mara ya pekee nimekaa chini bila kusema sentensi hata moja. Askari wa barieri ndiye aliyecheka kuliko wote, na wali akala kuliko wote.

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili. Skrubu ndogo ya shaba siigusi, hata nikiombwa na malaika. Na mtu anayekimbia simhukumu kabla sijajua sikio lake limesikia nini. Barieri ile haipo tena, lakini nikifika kwenye nyumba za kwanza za Baraka nashuka, nazima, nasukuma, nimeinamisha kichwa. Akina mama wananisalimu kutoka milangoni: "Karibu, Prefe. Leo umetuletea bibi harusi gani?" Nami nasukuma.