Kreki Iliyolazwa Mezani

Gerejini walimwita Kesho, na jina lilimkaa. Fundi huyu, mwanamke wa makamo, hakuwahi kukata shauri kuhusu kreki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, siku ileile aliyoitoa kwenye injini. Angeisafisha kwa dizeli, aipake oili, ailaze mezani juu ya gunia, kisha aseme tutaona kesho. Alidai macho ya jioni humdanganya. Wateja walinuna, na mafundi wenzake walimtania kwamba hata mumewe alipimwa mara mbili kabla ya kukubaliwa.

Safari hii mteja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Gari lake lilikuwa limepata kazi ya kubeba watoto wa shule kuanzia Jumatatu, na mwalimu mkuu alishamwambia wazi kwamba asipotokea siku hiyo, atachukuliwa mwingine. Sasa ni Ijumaa, injini iko sakafuni vipande vipande. Karakana ya kuchonga kreki, yaani kuisawazisha kwa mashine, ilikuwa na foleni ya wiki nzima. Ikipelekwa huko, kazi imeota mbawa.

Shingo zote, yaani sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, zilikuwa safi isipokuwa moja yenye mkwaruzo mwembamba. Fundi alipitisha ukucha juu yake, akamshika mdogo wake kidole naye apitishe.

"Unausikia unavyokwama? Ukucha ukikwama, si dalili nzuri," alimwambia. "Tutaona kesho."

Mdogo wake alibembeleza mpaka akachoka. Dada mtu hakulegeza kamba. Na hapa ndipo mtu anapotamani kumtikisa mabega, maana mikromita, kile kifaa cha kupimia unene, ilikuwa imeshampa majibu mazuri kwa kila shingo, juu na ubavuni. Mkwaruzo ule beringi mpya zingeuvumilia. Alichobakiza ni mazoea yake tu.

Jumamosi asubuhi aliingia gerejini ameamua: kreki haiendi kuchongwa, wanaifunga kwenye injini leo. Akamkuta mdogo wake ameshafika, tabasamu hadi masikioni, mikono myeusi, kipande cha msasa kimekunjwa kiganjani. Alikuwa amemwomba mlinzi amfungulie alfajiri. Shingo ile ilimeremeta.

"Hebu pitisha ukucha sasa, dada."

Ukucha uliteleza bila kukwama. Fundi akachukua mikromita, akapima juu, akapima ubavuni, akafuta, akapima tena akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea. Msasa ulikuwa mkali na jamaa alikuwa ameukandamiza upande wenye mkwaruzo, saa nzima bila huruma, hata shingo ikapoteza uduara wake ikaelekea umbo la yai.

Alimfokea bila kuchagua maneno. Alimuuliza ni fundi gani aliyemfundisha kusugua kreki kama sufuria, na kama angekuwa daktari angemsugulia nani moyo. Mdogo wake alijitetea kwamba ameondoa mkwaruzo tu. Alipoona hilo halisaidii, akaomba waifunge hivyohivyo, wataichonga shule zikifungwa. Dada yake akakataa katakata: itaanza kugonga baada ya siku chache, na siku injini itakapokamata na kuzima ghafla, gari litakuwa na watoto ndani. Lazima ikachongwe.

Kijana akaketi juu ya tairi. Akatafuta pa kujishikiza.

"Lakini hata ningeiacha, si ungeipeleka kuchongwa tu?"

Ingekuwa rahisi kuitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa amekasirika mno kusema uongo, amemkasirikia yeye na kujikasirikia mwenyewe.

"Hapana. Nimekuja kuifunga."

"Uliamua saa ngapi?"

"Vipimo vilikuwa vizuri tangu jana."

Mdogo wake alitazama mikono yake, akaifutia kwenye suruali.

"Si ungeniambia jana, dada," alisema, bila hasira.

Dada yake aliivingirisha kreki kwenye gunia, tayari kwa karakana.