Sindano ya Tano ya Somoe

Somoe alikuwa msusi wa Mbagala, na ndiye aliyeolewa na mume wangu Mudathir mwaka 1989, wiki ile ile niliyopewa talaka. Nalitanguliza hili nisije kuonekana mtu mwema.

Miaka mingi baadaye alianza kutoka damu chooni, akaificha kwa miaka minne. Aliamini ni bawasiri, akanywa mizizi, akaendelea kusuka watu barazani. Hospitali walimkuta na saratani ya utumbo mpana. Wakamkata kipande, kisha wakampangia sindano sita za dawa ya kuua saratani iliyobaki.

Sindano zilimbabua mdomo, hata maji yakawa kama pilipili. Viganja navyo vikachubuka. Baada ya ile ya nne hakuweza kushika chanuo, akasema harudi tena.

Mudathir hakungoja afe. Alinifuata kwangu Mtoni na doti ya khanga, eti turudiane, nyumba inahitaji mtu. Nilipokea khanga, nikamfungia mlango. Kesho yake nikaenda kwa Somoe.

"Umekuja kunicheka, da Mauwa?"

"Nimekuja kukuonya. Ukifa, yule mzee anarudi kwangu, na mie simtaki. Uliyemchukua kaa naye."

Alicheka, akaushika mdomo kwa maumivu. Tukaenda hospitali.

Daktari Adelard alimtazama mikono. Somoe akamuuliza, "Ugonjwa ulikuwa tumboni. Mikono yangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, mama. Dawa haijui ugonjwa uko wapi. Inapita mwili mzima, inachoma kibovu na kizima." Akasema huko nje wataalamu wanajaribu kuifunga dawa ndani ya vipunje vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vikaitambue saratani na kufungukia hapo hapo. "Lakini bado wako maabara."

"Basi nisubiri hiyo."

"Wewe utasubiri, mama. Saratani haitasubiri. Mie ninayo hii tu."

Somoe akaviangalia viganja vyake. Kisha akanigeukia.

"Siku hizi nani anakusuka?"

"Hakuna. Miaka mitano najifunga kitambaa."

"Ndiyo maana umekaa hivyo."

Akamnyooshea muuguzi mkono.

Alimaliza zote sita. Miezi miwili baadaye ngozi mpya ilipoota viganjani, aliniita barazani kwake, akanisuka twende kilioni kwa jirani, akinivuta nywele makusudi. Sijamsamehe. Ila anasuka vizuri.

Ile doti tuliikata katikati, kila mtu na kipande chake. Mudathir akituona tumejifunga, anaangalia pembeni.