Chuo Kilichonenepesha Kuku

Saa mbili kasoro asubuhi, mlango wa karakana uko wazi na mwenyewe amelala chali sakafuni, kichwa kimezama nyuma ya friji kubwa ya duka la nyama. Kinachoonekana ni miguu tu, na soksi moja iliyotoboka kisigino. Mwenye duka amesimama pembeni, roho juu.

"Itapona, fundi?"

"Friji haifi, bosi wangu. Inazimia tu," sauti inamjibu kutoka huko nyuma.

Anajivuta nje, anafuta jasho kwa kiwiko, anachovya brashi kwenye kopo la maji ya sabuni na kukipaka kiungo cha bomba alichomaliza kukichomelea. Gesi ikivuja, sabuni itatoa mapovu. Anakodoa macho, mwenye duka naye anakodoa, utadhani wote wawili wanasubiri kifaranga kianguliwe. Hakuna hata povu moja. Mama Baridi anatabasamu na kuanza kukusanya vifaa vyake.

Ndiyo, Mama Baridi. Jina alilopewa na wazazi wake hubaki kwenye makaratasi. Mtaani ukiliulizia hilo utazunguka mpaka jua lizame. Wiki ikiwa njema hutengeneza friji sita au saba, na kiyoyozi kimoja viwili. Ikiwa mbaya, hushinda akisafisha vifaa na kutaniana na fundi viatu wa jirani.

Juu ya meza yake ya kazi vimetundikwa vitu viwili ambavyo kila mteja mgeni huviuliza. Kimoja ni kipande cha bomba la shaba chenye kiungo kilichochomelewa vibaya, kimevimba kama goti la mgonjwa. Cha pili ni mkate mdogo, mweusi tii, uliopakwa vanishi ili wadudu wasiuguse.

"Hivyo ndivyo vyeti vyetu," huwaambia. "Changu na cha binti yangu." Wengi hudhani anatania.

Hatanii. Chuo chake cha kwanza, miaka hiyo akiwa msichana, alikichagua kwa sababu ya geti. Ndivyo anavyosema mwenyewe bila kuona haya. Geti la chuma lenye maua ya chuma, bustani iliyokatwa vizuri, wanafunzi waliovaa tai. Baba yake, kinyozi, alimsifia binti yake kwa kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake.

"Karakana yao ilikuwa safi kama sebule ya wageni," anasimulia. "Mashine zimefunikwa nailoni. Tulikuwa tunavua viatu mlangoni, jamani! Tukichora friji kwa rula na kalamu za rangi. Nilichora vizuri sana mimi. Nilikuwa wa kwanza darasani."

Alirudi nyumbani na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Jirani yao, mama aliyeuza barafu na maji ya matunda, alikuwa wa kwanza kumwita atengeneze friji yake. Binti akafungua bomba kwa kujiamini, na gesi yote ikatoka, fyuuu, ikaishia hewani. Loh! Alibaki ameshika spana, mdomo wazi. Jirani akamwaga ndoo za maji ya matunda yaliyochacha, na tangu siku hiyo watoto wa mtaa wakambatiza jina jipya: Cheti.

"Baba hakunigombeza. Aliendelea kunyoa watu siku nzima. Hakunisifia tena kwa mteja yeyote. Hicho ndicho kilichoniuma mpaka leo," anasema, na hapa kicheko chake kinakatika kidogo.

Alipiga moyo konde akaanza upya. Safari hii alikwenda kukitazama chuo kwanza, chuo kidogo kilichojibana nyuma ya ghala la mbao, kisicho na maua ya aina yoyote. Alipotea njia akitafuta ofisi, akajikuta nyuma ya karakana, mbele ya lundo la mabomba: yaliyopinda, yaliyoungua, yaliyotoboka. Mwalimu mmoja mwenye ovaroli chafu alikuwa akiongeza mengine juu yake.

"Mwalimu, vyote hivi vimeharibika?"

"Vimeharibiwa," mwalimu akamsahihisha. "Na wanafunzi wangu. Ndiyo kazi yao mwaka wa kwanza."

Hakuitafuta ofisi tena. Alimwomba mwalimu huyo huyo amwonyeshe pa kujiandikisha.

Na alipoingia, alikifaidi chuo kweli kweli. Wenzake walipokwenda kupumzika, yeye alikuwa kwenye lile lundo, anachagua mabomba yenye nafuu, anayakata na kuyachomelea upya. Alijifanya rafiki wa mtunza stoo mpaka akawa anaachiwa kopo la mwisho la gesi ya kuchomelea. Kila kipindi alikuwa na swali, wenzake wakawa wanaguna akinyoosha mkono tu. Mwisho wa wiki aliomba kumbebea vifaa fundi mmoja wa viyoyozi, bure, ili mradi aruhusiwe kushika. Kile kiungo kilichovimba kama goti ni cha siku yake ya kwanza pale.

Kwa hiyo binti yake, kitinda mimba, alipomaliza shule na kutangaza kwamba anataka kusomea uokaji wa mikate, Mama Baridi alifurahi kwa muda wa chai moja. Kisha binti akataja chuo anachokitaka. Kina vioo mpaka juu, wanafunzi wanavaa kofia nyeupe ndefu, na marafiki zake wote wanakwenda huko.

"Nikaona geti lile lile," anasema mama. "Mwaka wangu uliopotea nauona unarudi kumchukua mwanangu."

Akamwambia waende kwanza wakaangalie kinachotupwa. Binti akaja juu. "Mama, unataka kunichagulia chuo kama unanunua chuma chakavu!"

Walibishana siku mbili. Hatimaye wakakubaliana hivi: watavitembelea vyuo viwili, kile cha vioo na kingine kidogo ambacho mama alisikia kikisifiwa na mteja mwenye duka la mikate. Binti ndiye atakayeamua, na mama atafunga mdomo wake.

Kwenye chuo cha vioo walipokewa vizuri, tena kwa heshima zote. Matanuri yalimetameta. Binti mwenyewe ndiye aliyeuliza wanafunzi wanaanza kuoka lini. Mwenyeji wao akajibu kwa upole kwamba mwaka wa kwanza ni wa nadharia, na wa pili watamtazama mwalimu akioka. Mama akaangalia dirishani. Binti naye njia nzima alikuwa akiuma ukucha.

Chuo cha pili kilimkosesha mama raha. Aliomba kwenda uani, akachungulia mapipa, akazunguka jiko. Safi! Hakuna hata ganda lililoungua.

"Labda hapa hawaharibu, mama," binti akamchokoza.

Mama Baridi akafunika pipa. "Nilijiona mjinga," anakiri. "Nimemsumbua mtoto wa watu kwa kipimo changu cha mabomba. Nilikuwa tayari kumwambia nenda tu kwenye vioo vyako."

Walikuwa wanatoka getini binti alipoanza kucheka. Karibu na kibanda cha mlinzi palikuwa na kuku. Lakini kuku gani hao! Wanene, wazito, wanajikokota kwa taabu kama mabibi harusi waliovaa viatu vya kuazima. Mlinzi, mzee wa makamo, alikuwa akiwamegea kitu cheusi kutoka kwenye ndoo.

"Shikamoo, baba," binti akamwamkia. "Hiyo ni mikate?"

"Marahaba, mwanangu. Ilikuwa mikate," mlinzi akasema. "Wanafunzi wapya wameanza wiki hii. Wananiletea ndoo asubuhi, ndoo jioni. Mwezi kama huu kuku wangu hawatagi, wanakula tu."

Binti aliitazama ile ndoo. Akainama, akaokota kipande, akakigonga kwa ukucha: ko, ko, ko. Kisha akamgeukia mama yake, macho yanang'aa.

"Nataka kuja kuwalisha kuku hawa," akasema.

Mama alitimiza ahadi yake ya kufunga mdomo. Alilia tu, hapo hapo getini, mpaka mlinzi akamletea kiti.

Leo binti huyo yuko mwaka wake wa mwisho. Mkate wake wa kwanza ndio ule uliotundikwa ukutani. Alimwomba mlinzi amrudishie kabla kuku hawajaufikia. Huwahi jikoni kabla ya wenzake, na amemzoea mwalimu wake wa unga mpaka anamwita mjomba. Jumapili hii ameleta mkate mwingine, laini, wa rangi ya asali. Mama yake anaumega, anautafuna taratibu, anatafuta kasoro. Haioni, na anaonekana kukasirika kidogo kwa kuikosa.

Mpango wao ni kufungua duka la mikate kwenye chumba kilicho tupu ubavuni mwa karakana, na kuchukua wasichana wawili watatu wa kujifunza, wa friji na wa mikate. Tanuri bado halijanunuliwa. Ukuta haujapakwa rangi, na mlango wenyewe hauna kitasa.

Lakini nyuma ya karakana kuna kitu kipya cha mbao na waya, kimejengwa imara, bado kinanuka maranda. Ni banda la kuku.

"Nimeanza na hili," Mama Baridi anasema, akiitikisa nguzo kuona kama imekaza. "Hao watoto watakaokuja, wasije wakaogopa kuunguza."