Saluti ya Kokuberwa

Baba yetu, Gaudiosus Kashaija, alirudi Nyakasimbi kutoka vita vya Burma mwaka 1946 na koti la jeshi, kikombe cha bati, na tabia moja iliyoutia aibu ukoo mzima.

Kwetu mke humsalimu mumewe kwa kupiga magoti. Siku hiyo Mama, Kokuberwa, alipiga magoti mlangoni kama desturi. Baba akagonganisha visigino, akampigia saluti.

Majirani wakasema Wazungu wamemharibu. Babu alimfokea mbele ya watu. Baba akamjibu, "Mzee, jeshini salamu isiyojibiwa ni kosa la kufungwa. Unataka nifungwe kwa ajili ya mke wangu mwenyewe?"

Ikawa hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na moja: Mama chini, Baba wima, na sisi watoto nyuma yake penye migomba tukiiga saluti yake. Aliyetumia mkono wa kushoto alirudia mara tano, hata uji ukipoa. Mimi ni mkaidi. Utoto wangu wote nilikunywa uji wa baridi.

"Mwanamume huyu atanichekesha mpaka nife," Mama alikuwa akisema.

Akafa Baba kwanza. Tulimzika katikati ya migomba yake. Mama akapiga magoti kaburini, akamsalimu, kisha akasubiri. Nasi tukasubiri. Mwishowe akainuka, akagonganisha visigino vyake, peku, akapiga saluti.

Kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudie.