Kabla ya Kufuta, Piga Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mifumo alinipeleka kwenye chumba cha seva, akafungua mlango, akasema, "Resti, humu mna nyumba za watu. Ukibomoa, usinitafute." Kisha akaenda zake kunywa chai. Nikabaki mlangoni na sweta langu, naogopa hata kugusa swichi ya taa. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii hamwogopi kitu, basi nawaambia mapema: mimi nimestaafu nikiwa mwoga vilevile, na sijutii.

Shirika letu lilisaidia kisheria wanyonge wenye migogoro ya ardhi. Makao makuu yalikuwa hapa Sumbawanga mjini, na tulikuwa na ofisi ndogo Namanyere na Kipili. Kila ofisi ilikuwa na seva, yaani kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine. Kila mfanyakazi alipewa folda yake ya nyumbani ya kuwekea barua, picha na rekodi zake. Sisi tuliiita nyumba tu. Afisa akitoka Namanyere kuja mjini alitaka aikute nyumba yake kama alivyoiacha, kwa hiyo programu ya kusawazisha ilipita kila saa kulinganisha kule na huku. Kilichoongezwa kule kiliongezwa huku. Kilichofutwa kule, na huku kilifutwa.

Hilo la kufuta ndilo lililoninyima raha. Siku moja nilimuuliza Mkuu, "Bosi, na kule kukiwa kutupu kwa bahati mbaya?"

"Kutupu kivipi?"

"Sijui. Kutupu tu."

"Mama, faili zisipofutwa pande zote zinafufuka, diski zinajaa, na simu napigiwa mimi. Namanyere ndiyo asili, sisi tunafuata. Ukiogopa hivyo, nenda kalime ulezi."

Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Moyoni sikucheka.

Nilipangiwa Kipili kwanza, ambako unyevu wa ziwa ulikula nyaya zangu. Kisha nikahamishiwa Namanyere, na huko ndiko nilikomfahamu Mzee Desideri, mlinzi wetu. Alikuwa mpole, tena mwangalifu kupita kiasi. Ninyi wa Ufipa mnajua desturi yetu mvua ikianza kunguruma: kila plagi inachomolewa ukutani, kioo kinafunikwa kanga, watu wanakaa kimya. Mzee alifanya hivyo nyumbani kwake, akafanya hivyo na ofisini. Seva alikatazwa kuigusa. Lakini diski zilizobeba nyumba za watu zilikaa kwenye kisanduku kingine pembeni ya seva, chenye plagi yake, na hakuna aliyekumbuka kumkataza hicho.

Niliporudishwa makao makuu, zikaingia mvua za masika. Alasiri moja niliona mbingu ya upande wa Nkasi, iliko Namanyere, imekuwa nyeusi. Saa ya kusawazisha ikafika. Mara kwenye kioo cha kompyuta majina ya faili yakaanza kupita, na mbele ya kila jina neno moja: imefutwa, imefutwa, imefutwa. Programu ilikuwa imefika Namanyere, ikakuta patupu, ikaamini watu wamehama. Nilikimbilia nyuma ya seva, nikang'oa waya wa mtandao kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimechelewa. Nyumba ya Bi. Generosa, afisa wetu wa Namanyere, ilikuwa imekwisha yote. Humo ndimo ilimokuwa rekodi ya sauti ya mfugaji mmoja mzee aliyehamia huku kutoka Usukuma. Alikuwa jirani wa mjane anayeitwa Mama Anjelina, na ndiye pekee aliyeujua mpaka wa shamba la marehemu mumewe. Yule mzee naye alikuwa ameshafariki. Shauri lilikuwa Ijumaa ya wiki ile, mbele ya baraza la ardhi. Bila ile sauti, mama yule angetolewa shambani na wanawe. Nakala ya tatu, ya akiba, nilikuwa nimeiomba kwa Mkuu zamani, na jibu lilikuwa bado linakuja.

Nikampigia Generosa. "Dada, kisanduku cha diski kimechomolewa?"

"Mzee kakichomoa, radi ime..." Nikasikia mlio, simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikupatikana.

Asubuhi nilipanda basi la kwanza la Namanyere. Kama nilisali njiani, nilisali vibaya, maana nilikuwa nikiisahau sala katikati. Nilifika nikapokewa na harufu ya kuungua. Radi ilikuwa imepiga, seva imekufa, soketi ni nyeusi. Kisanduku hakikuwepo. Generosa alisimama mlangoni na Mama Anjelina.

"Mzee yuko wapi?" niliuliza.

"Amemaliza zamu, kaenda kwake."

Tukaenda. Mlango wa Mzee Desideri ulikuwa wazi nusu. Tukapiga hodi, kimya. Tukapiga tena. Ndani, juu ya kiti, nikaona kitu cha mraba kimefungwa blanketi.

"Si kile pale?" alisema Mama Anjelina. "Ingia ukichukue, mwanangu."

"Hatujaitikiwa, mama." Nilitamani kuingia, lakini nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Tulisubiri mpaka Mzee akatokea, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmemfuata mgonjwa wenu?" Akafungua blanketi taratibu. "Niliona radi ya jana haitanii. Na hiki kinang'aa, kingeiita. Nikasema nikilaze kwangu."

Tulikipeleka duka la jirani lenye umeme, nikakiunga na laptopu yangu. Kikakwaruza, kikanyamaza. Nilidhani ndiyo basi. Kikazunguka tena, na nyumba zikatokea, ya Generosa ikiwemo. Nikafungua ile rekodi. Yule mfugaji alikohoa kwanza, kisha akasema: "Mpaka unaanza kwenye kichuguu, unashuka hadi kijito. Mimi ni mfugaji, ningependa pawe pangu. Lakini si pangu, ni pa mume wa Mama Anjelina."

Mama Anjelina alipiga magoti pale dukani, akapiga makofi polepole, kama tunavyowaamkia wakubwa. Nililia bila aibu.

Mkuu alipiga simu. "Mlinzi huyo afukuzwe."

"Bosi, aliyefuta ni programu. Mzee ndiye aliyeokoa."

Akauliza nataka nini. Nikamwambia nataka programu ipige hodi. Tangu siku ile niliweka katika kila nyumba faili dogo linaloitwa "karibu". Programu ikifika hulitafuta hilo kwanza. Isipolikuta, hairuhusiwi kufuta chochote, inasimama na kuniita. Mpaka nastaafu iliniita mara nyingi, na kila mara niliogopa vilevile.

Sasa nipo nyumbani. Radi ikinguruma bado nachomoa plagi zote, na bado nayaona yale majina yakipita. Mama Anjelina huniletea ulezi wa shamba lile kila mavuno. Mlango wangu huwa wazi, na ananiona kabisa nimekaa, lakini haingii. Anasimama nje, anapiga hodi, anasubiri. Najua anachokiogopa, ni hodi isiyoitikiwa, kwa hiyo simkawizi.

"Karibu, mama," namwambia. "Tupo."