Nilimchora ndege mla watoto wa hadithi za bibi, nikaulizwa ana kilo ngapi

Wakuu, habari za humu. Nasimulia kilichonikuta, chumvi sijaweka. Atakayesema ni chai aje Kinampanda, mchoro upo ukutani.

Nachora kwa penseli za rangi. Ndiyo, zile za chekechea, asanteni kwa kuwahi kuwaza hivyo.

Bibi yangu macho yalikuwa yanaisha, hospitali walishasema hayarudi. Utotoni alitulaza kwa hadithi za ndege mkubwa anayemeza watoto wazururaji. Nikataka amwone ndege wake kabla macho hayajazima kabisa.

Hiyo tu.

Mabingwa wa mtandaoni wanashauri: ukichora kiumbe ambacho hakipo, tumia reference, yaani picha za ndege waliopo. Mwili wa tai, macho ya bundi. Ushauri mzuri sana kwa mwenye bando. Tai wa huku hawana utaratibu wa kutulia uwachore.

Jogoo wetu muda anao. Nikachukua kucha zake, shingo yake na lile jicho lake la dharau. Mabawa nikayazidisha, nyekundu juu ya nyeusi, tabaka juu ya tabaka, mpaka penseli ikabaki kipande. Nikajiona nimetisha.

Baba mdogo, ambaye kazi yake ni kununua kuku vijijini na kuwapeleka Dar, akapita na tenga lake. Akautazama mchoro kwa heshima zote.

"Huyu ana kilo ngapi?"

Jirani naye akauliza kama ni tangazo la supu. Niliumia wakuu, nusura niuchane.

Bado nikampelekea bibi. Shikamoo, marahaba. Akaisogeza karatasi mpaka puani, akageukia mwanga wa mlangoni. Nikaanza kuandaa maelezo ya kitaalamu.

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Umemjulia wapi jogoo wa mama mkwe wangu? Nilipoolewa alinikimbiza kila nikitoka nje. Ndiye niliyekuwa nawasimulia. Nilimwongeza ukubwa tu."

Kumbe utoto mzima tulikojoa kitandani kwa kuogopa kitoweo. Hongera zetu.

Sasa hivi bibi haoni tena. Mgeni akija, anamwelekeza ukutani na kumtajia rangi za jogoo wake, unyoya kwa unyoya, na hakosei.

Nilichojifunza: anza na aliyepo uani, mabingwa watajijua.

Haya, uwanja wenu. Wa kuuliza kilo, mmeshawahiwa.